Nyumba Moja, Jiwe Moja

Siku hiyo niliamka na furaha ya kijinga, kwa sababu ilikuwa zamu yangu. Mume wangu Wario alikuwa amepanda lori kutoka Isiolo mjini, kutoka nyumbani kwa mke wake mkubwa, akanifuata malishoni ng'ambo ya Merti, na angekaa nami mpaka lori litakaporudi. Nilikoka moto kabla ya mtu yeyote, nikachemsha chai ya maziwa, nikaitia sukari nyingi kuliko anayotiliwa kule kwingine. Sikuwa nimewahi kuona anatiliwa kiasi gani kule kwingine. Nilijua tu kwamba yangu lazima izidi.

Naanza na chai kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiifikiria. Watu wakisimulia vita husema walihisi jambo, mbwa walibweka ovyo, jicho lilicheza. Mimi sikuhisi kitu. Nilikuwa mke mdogo aliyempata mumewe peke yake, na jambo pekee lililonisumbua asubuhi ile ni leso.

Wario alikuwa amenunua leso mbili katika duka la Mmeru mmoja pale mjini, moja yangu, moja ya Mama Guyo. Mama Guyo ndiye mke mkubwa. Guyo ni mwanawe wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa shule. Leso zilikuwa za aina moja kabisa, nyekundu zenye maua meupe, kwa kuwa dini inamtaka mwanamume mwenye wake wawili awe na haki, na Wario aliogopa dhambi kuliko alivyoogopa risasi. Nikamuuliza nani alichagua kwanza.

“Zote ni moja,” akasema.

“Najua zote ni moja. Nauliza nani alichagua kwanza.”

“Talaso, kunywa chai.”

Alicheka, akavaa koti lake la kijani. Lilikuwa koti la homgadi, ndivyo tunavyowaita askari wa akiba, raia waliopewa bunduki na serikali walinde watu na mifugo mahali ambapo polisi hawafiki upesi. Mshahara hakuwa nao. Alikuwa na koti, bunduki kuukuu, na kazi ya kuitwa kila palipokuwa na hatari.

Na hatari ilikuwepo, ila tulikuwa tumeizoea. Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule. Majani yaliisha karibu na mji, tukasogeza ng'ombe, na wenzetu wa upande wa pili nao wakasogeza wao, mpaka tukakutana kwenye maji yale yale. Kulianza maneno, yakafuata marungu, kisha ng'ombe wachache wakaibwa, wazee wakawarudisha, wakaibwa tena. Sitataja kabila la hao wenzetu. Wao pia wana wajane, na kila mwaka, siku ya kuwakumbuka wafu wa pande zote mbili, hukaa katika hema la pili, mkabala na letu.

Jua lilipopanda kidogo tulikwenda kisimani. Visima vya kwetu huchimbwa kwa mikono. Vijana hushuka ndani na kupokezana ndoo huku wakiimba, na maji humiminwa juu kwenye hori refu la udongo ambapo ng'ombe hunywa kwa safu. Kazi yangu ilikuwa kuziba nyufa za hori kwa tope. Wario alisimama juu ya tuta, bunduki begani, akinitazama. Nilitaka kuamini kwamba ananitazama mimi. Alikuwa akitazama vichaka nyuma yangu.

Mlio wa kwanza nilidhani ni ndoo imeanguka.

Wa pili haukuwa ndoo.

“Lala!” Wario alipaza sauti. “Talaso, lala nyuma ya hori!”

Nikalala.

Risasi ilipasua udongo juu ya kichwa changu. Maji yakanimwagikia shingoni.

Ng'ombe hawakukimbia. Walikuwa na kiu ya siku nyingi. Waliendelea kunywa na kusukumana, mmoja akaanguka, na mwenzake akamkanyaga ili ayafikie maji.

Niliisikia bunduki ya Wario. Ilikuwa nzee, nilijua mlio wake kama nilivyojua kikohozi chake.

Nikaisikia tena.

Kisha sikuisikia.

Walipita karibu yangu wakipiga mbinja na kuswaga ng'ombe. Niliona miguu yao tu, na viatu vya tairi kama vyetu. Mmoja alisimama upande wa pili wa hori, akainama, akanywa maji kwa kiganja, akaenda zake.

Vumbi lilipotulia nilimkuta Wario chini ya tuta, amelala kifudifudi. Watu huniuliza kama alisema neno. Hakusema. Nilimgeuza, nikamwita, nikamfuta mchanga mdomoni, lakini alikuwa amekwisha kwenda. Ningependa angelitaja jina langu. Ningelihifadhi mpaka leo, na ninajua ni nani ningemwonyesha.

Wanaume waliobaki walifuata nyayo za mifugo, kama ilivyo desturi, maana maiti husubiri lakini nyayo hufutwa na upepo. Tulibaki wanawake watatu na mzee mmoja aliyekuwa haoni vizuri ila alijua dua zote. Waliokufa upande wetu walikuwa wanne. Kwetu sisi Waislamu kuzika ni kazi ya wanaume, lakini wanaume hawakuwepo, na jua lilikuwa kali. Tukachukua sururu za kisimani tukaanza kuchimba.

Wario nilimwosha mwenyewe. Mke anaruhusiwa kumwosha mumewe, na maji ya hori yalikuwepo. Sanda hatukuwa nayo. Nikaichukua leso yangu mpya, ile nyekundu yenye maua meupe, nikamfunga nayo, haikutosha, nikaongeza shuka la kujifunikia. Mzee alisimama akauelekeza uso wake kwenye jua, akakadiria, akatuonyesha kibla. Nikashuka kaburini nikampokea, nikamlaza kama inavyotakiwa, nikamwekea bonge la udongo chini ya shavu. Juu tuliweka mawe, na juu ya mawe miiba, fisi wasimfukue.

Niliumia, sitajaribu kueleza kiasi gani. Lakini nitasema na hili: nilipotoka katika lile kaburi nilikuwa na fahari. Lilikuwa jambo la pekee nililomfanyia Wario ambalo Mama Guyo hakuwa amemfanyia kabla yangu.

Nilirudi Isiolo juu ya lori la mbuzi. Nilikuta matanga yamepamba moto nyumbani kwa Mama Guyo, kwa sababu habari ilifika kwa redio ya polisi kabla yangu. Uani palijaa wanawake. Mama Guyo alikuwa ameketi katikati ya mkeka, amejifunika mpaka usoni, na kila aliyeingia alimpa mkono yeye, akainama, akalia naye kidogo. Mimi nikaonyeshwa mahali mwisho wa mkeka karibu na mlango, pamoja na shangazi fulani waliotoka mbali. Husemwa kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo! Nilikuwa bado na udongo wa kaburi lake kwenye kucha, na jirani mmoja akaniambia nikanawe kabla sijagusa chakula.

Mama Guyo hakuniuliza kitu. Hakuniuliza siku ile, wala wakati wa eda, tulipokaa ndani kila mmoja nyumbani kwake, nyumba mbili zinazotazamana geti kwa geti pale mtaani Bula Pesa. Niliyangoja maswali yake. Nilikuwa nimeyaandaa majibu, mengine makali. Nilisema moyoni: atauliza tu, atataka kujua, na siku hiyo atajua kuwa mimi ndiye ninayejua. Hakuuliza. Nikaona ni dharau.

Miaka ilipita kabla wazee wa pande mbili hawajaketi na kukubaliana kwamba wafu wa vita vile wakumbukwe pamoja. Tangu hapo, kila mwaka baada ya mvua ndefu, pande zote mbili hukutana kwenye uwanja ulio nyuma ya soko la mifugo mjini. Huwekwa mahema mawili. Shehe husoma dua, pasta huomba, mtu wa serikali huongea mpaka watoto wanalala. Kisha Mzee Boru, mwenyekiti wa kamati ya amani, huchukua kipaza sauti na kuyaita majina ya wafu, yote kwa kichwa, kwa sababu aliwajua wote. Jina likiitwa, mtu mmoja wa nyumba hiyo hutoka, huokota jiwe, hulipeleka kwenye rundo lililo katikati. Makaburi yenyewe yako mbali huko porini; rundo ndilo kaburi lao la mjini.

Mtu mmoja wa nyumba hiyo. Nyumba moja, jiwe moja, ndiyo kanuni. Na kwetu sisi Waborana nyumba ya mtu ni nyumba ya mke wa kwanza. Sherehe huanzia kwake, na kahawa ya baraka hukaangwa kwake, hata mgeni wa heshima hufikia kwake. Mke wa pili ana nyumba yake, ndiyo, lakini ni kama jiko la uani: wote wanakula kutoka kwake na hakuna anayelihesabu akiulizwa idadi ya vyumba.

Kwa hiyo kila mwaka lilipoitwa jina la Wario Halake, aliyesimama alikuwa Mama Guyo. Alikwenda polepole, mrefu, amenyooka, na mabegani amejitanda leso nyekundu yenye maua meupe. Yake ilibaki, yangu iko ardhini. Aliifua kwa uangalifu na kuivaa siku hiyo moja tu ya mwaka, na rangi ilikuwa bado imeiva. Wanawake waliguna kwa huruma walipomwona. Mimi niliketi nyuma nikiutazama ule mgongo wenye maua na kuona sanda ya mume wangu ikitembea juani, na niliona wivu mpaka mate yakawa machungu. Mwaka mmoja Mama Kendi, yule mama Mmeru anayekodisha mahema na viti, alinikuta nyuma pale akaniuliza kwa wema kabisa, “Mama, wewe ni mgeni wa nani?”

Halafu kulikuwa na lile hema la pili. Kwao jina likiitwa, wake wote wa marehemu hutoka pamoja, wakalishika jiwe moja kwa mikono yote. Niliona marehemu mmoja ana wajane watatu, mdogo wao akiwa katikati kabisa. Niliwaonea wivu wajane wa watu waliomuua mume wangu. Sijui kama upo wivu wa kijinga kuliko huo, lakini nilikuwa nao, na kila mwaka ulirudi mnono zaidi.

Mwaka huu nilichoka. Wiki ya kumbukumbu ilipokaribia nilimwendea Mzee Boru dukani kwake, nikamkuta anapima maharagwe.

“Salaam aleikum, mzee.”

“Aleikum salaam, Mama Adho. Karibu.” Adho ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee.

Nikamwambia bila kuzunguka. “Mimi nataka kuweka jiwe ya Wario mwaka hii.”

Akaweka kikombe cha kupimia chini. “Mama Guyo amesema nini?”

“Sijamuuliza. Nauliza wewe. Wario akiwa hai tulikuwa tunagawana siku, huyu zake, mimi zangu. Haki kabisa. Sasa amekufa ndio amekuwa ya mtu mmoja? Zamu yangu ilienda wapi?”

Nilidhani atacheka. Hakucheka, alijikuna ndevu. “Mambo ya zamu iliisha siku ile tulimpoteza,” akasema. “Hii ingine ni mambo ya nyumba. Nikivunja kwako, kesho bibi wa tatu wa fulani atakuja, na wa nne. Enda uongee na mwenzako. Akikubali, mimi sina neno.”

“Siwezi kumuomba yeye anipe bwana yangu.”

“Si bwana. Ni jiwe.”

“Basi mpe yeye bwana, mimi nipe jiwe,” nikasema, nikatoka. Kumwomba Mama Guyo! Kuvuka barabara, kubisha geti lake, kusema tafadhali! Heri ningekaa nyuma ya hema mpaka nife.

Siku ikafika. Niliketi mahali pangu pa nyuma. Kulikuwa na upepo, mahema yakipigapiga, na shehe alilazimika kupaza sauti. Mzee Boru alianza kuita. Majina ya hema letu na majina ya hema lao yakapishana, jiwe kwa jiwe, na rundo likapata mawe mapya mekundu juu ya yale ya zamani yaliyofifia.

“Wario Halake.”

Mama Guyo akasimama. Amezeeka, goti lake limeharibika na hutembea akiegemea upande. Guyo, ambaye siku hizi ni baba wa watoto na huendesha pikapu ya kwenda Sericho, alitaka kumshika mkono, akamkatalia. Aliokota jiwe lake, kubwa mno kwa mtu wa hali yake, akalibeba kwa mikono miwili kama beseni la maji.

Alifika katikati ya uwanja.

Goti likamwacha. Alishuka chini, polepole, kama mtu anayeketi mwenyewe, na jiwe likamtoka mikononi.

Nilikuwa nimeshasimama. Sikumbuki kusimama. Nilifika kabla ya Guyo.

Nikainama nikaokota jiwe.

Watu wote walidhani nitaliweka kando nimwinue. Mimi pia nilidhani hivyo. Yeye alikuwa chini vumbini, ananitazama kutoka chini, leso imemteremka begani. Sikuwa nimewahi kumwona kutoka juu. Alikuwa mfupi kuliko nilivyofikiri.

Nikampita.

Nililipeleka jiwe la mume wangu mpaka kwenye rundo. Nilipiga magoti, nikatafuta mahali, nikaliweka, nikalishikilia mpaka likatulia lisiyumbe. Nikamsomea dua yangu kwa sauti ya chini. Mahema yakapigapiga kwa upepo.

Furaha ilikuja, sitadanganya. Ilikuja nzima, moto, mpaka masikioni, na ilidumu mpaka nilipogeuka. Guyo alikuwa amemwinua mama yake na kumketisha kwenye kiti cha plastiki, na mjukuu mmoja alikuwa akimpangusa vumbi. Wanawake wa upande wetu walikuwa wakitazama viatu vyao. Nikarudi kwenye kiti changu kupitia katikati yao, na hakuna aliyesogeza goti kunipisha.

Baada ya dua ya mwisho hupakuliwa wali na nyama ya mbuzi, pande zote mbili kutoka sufuria zile zile. Hayo pia ni makubaliano ya wazee. Nilikuwa sijala. Guyo akaja akasimama mbele yangu bila kuniangalia.

“Mama mdogo, mama anakuita.”

Nikaenda, nimejifunga kibwebwe kwa ugomvi. Maneno nilikuwa nayo, niliyaweka akiba miaka yote hiyo. Nilikuta amewafukuza wajukuu na kuketi peke yake kwenye ukingo wa hema, mguu ameunyoosha juu ya kiti cha pili.

“Keti,” akasema.

Nikaketi. “Goti inauma?”

“Goti ni ya uzee. Itaacha kuuma nikikufa.” Akausogeza mguu juu ya kiti. “Nilikuwa hapo chini nakuangalia mgongo. Watu wengine wanatupa jiwe kama wanafukuza mbwa. Wewe uliiweka. Ulishikilia mpaka ikatulia.”

“Ni jiwe ya Wario.”

“Ndio nasema. Nikajua hata yeye ulimweka hivyo.”

Nikakilegeza kibwebwe changu.

“Kuna kitu nilitaka kukuuliza toka zamani,” akasema. “Sikutaka kukuuliza. Kukuuliza ni kusema kuna kitu ya bwana yangu mimi sijui na wewe unajua. Watu walikuja kwangu wakanipa mkono, mkono, mkono, mpaka mkono ikavimba. Lakini wewe ndio ulimshika. Nilikuona unaingia kwa mlango na ile mchanga kwa vidole, nikatamani kukukata hivyo vidole.”

Alisema hivyo taratibu, bila hasira, na mimi nikavitazama vidole vyangu. Kumbe mwenzangu naye alikuwa akiungua, geti kwa geti, na mimi sikuwahi kuusikia moshi.

“Uliza basi,” nikasema.

“Ulimlaza na ubavu gani?”

“Ya kulia. Uso kwa kibla. Yule mzee alituonyesha.”

“Ya kulia,” akarudia. Akafumba macho. “Ni sheria. Hata mimi ningemlaza hivyo. Lakini hiyo ubavu hakuwa anaweza kulalia.”

Sikumwelewa. Akanieleza. Zamani, kabla sijaolewa, Guyo akiwa anajifunza kutembea, walikuwa na ngamia huko Sericho. Dume moja lilimpiga Wario teke, mbavu za kulia zikavunjika, na hakukuwa na daktari wala gari. Ziliungana vibaya. Tangu siku hiyo hakuweza kulala upande huo hata kwa kusinzia; alilalia kushoto tu, usiku kucha.

“Hakukuambia?” akauliza.

“Hakuniambia.”

“Angekuambia wapi. Kwa bibi mpya mwanaume anataka kuonekana mzima.”

Nilikumbuka nilipomwosha. Mkono wangu ulipita chini ya kwapa lake la kulia ukakuta mfupa uliotokeza, mgumu, na nilidhani umevunjika siku ile alipoanguka kutoka kwenye tuta. Niliuosha taratibu, nisimuumize.

Na nikakumbuka lingine. “Alikuwa ananigeuzia mgongo,” nikasema.

Ilinitoka hivyo tu, na kwa mtu ambaye sikukusudia kamwe kumwambia. Chumbani kwangu pale mjini kitanda kimeegemea ukuta. Mimi nililala upande wa ukuta, yeye upande wa nje, na zamu zangu zote, tangu mwezi wa kwanza wa ndoa, alilala ameelekeza uso mlangoni. Nilijua mlango ule unatazama wapi. Unatazama geti la Mama Guyo. Nililala macho nikiutazama ule mgongo, nikisema huyu mwili wake uko kwangu na roho yake imevuka barabara, na asubuhi nilimzidishia sukari kwenye chai. Sikumuuliza hata mara moja. Niliona ni aibu kumwomba mtu akugeukie.

Mama Guyo alikuwa akinisikiliza, kichwa amekiinamisha.

“Hata mimi alinigeuzia,” akasema. “Alipopona tu hivi, akaanza. Nikalia, nikadhani ameona msichana mahali. Nikakaa hivyo karibu mwezi. Halafu nikahamisha mito.”

“Mito?”

“Nilitoa mito kwa kichwa nikaweka kwa miguu. Kitanda ni ile ile, ukuta ni ile ile, mimi bado niko kwa ukuta. Sasa akilala na ubavu ya kushoto, uso inakuja kwangu.” Alilaza viganja vyake viwili kimoja mbele ya kingine, nyuso kwa nyuso, akanionyesha.

Nilivitazama vile viganja mpaka akavishusha. Wake wa hema la pili walikuwa wakianza kuondoka, wakikunja mashuka yao. Mama Kendi alikuwa akipanga viti vyake kimoja juu ya kingine, na mtu akaja kukiomba kile chenye mguu wa Mama Guyo, nikamwambia asubiri.

Mama Guyo alilia kidogo, bila sauti, kisha akanawa uso kwa maji ya kunywa. Mimi sikulia. Kifo cha Wario nilikwisha kukizoea. Nilikizika kwa mikono yangu, na nilijua kiko wapi na kimeelekea wapi. Kilichonishinda jioni ile ni zile zamu zangu alipokuwa hai, amelala pale karibu yangu, anapumua, na mimi nikiuhesabia mgongo wake makosa. Mito yangu ilikuwa miwili, ya sufi, na hakuna hata mmoja uliokuwa mzito kuhamisha.